Kikombe cha Maji Begani

Kwanza tuelewane: huyu mzee hakuwa mgonjwa. Alikula, alilala, aliamka, alinyoa ndevu zake, na ukimsalimia alikuitikia vizuri tu. Maisha yake yote alikuwa fundi wa mapaa, na nusu ya watu wa mji ule walilala pakavu kwa sababu ya mikono yake. Lakini tangu mke wake afariki, mwanzoni mwa mwaka, kinywani mwake lilibaki neno moja: sawa tu. Chai ikija ya moto, sawa tu. Ikija imepoa, sawa tu. Ukisahau sukari, anakunywa mpaka inaisha, na ukimuuliza mbona hukusema, anakutazama kana kwamba umemuuliza habari za mtu mwingine.

Shemeji yake, dada wa marehemu, alikuja kuomba koti la dada yake, lile la kuvulia samaki. Alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi na ameshika leso mkononi kabisa. Mzee akalitoa kabatini akampa. Sawa tu. Shemeji akabaki na leso yake kavu na hajui aiweke wapi. Msibani pia mzee hakudondosha chozi, na wapo waliomsema, maana watu hawakosi la kusema. Wangejua. Mtu aliyekalia mguu ukafa ganzi, unaweza kumchoma sindano asishtuke. Yeye ganzi ilikuwa imempanda mpaka kifuani, ikatulia hapo, haiumi wala haisogei.

Kilichomtisha binti yake ni ndoo. Binti huyu ni muuguzi, kaolewa mji wa mbali wenye joto, na alipopata likizo alikuja kumwona baba. Siku ya kwanza tu, mvua ikanyesha, akasikia chumbani tone, tone, tone. Akaingia. Dari lilikuwa na doa la kahawia, na chini yake, pembeni mwa kitanda, ndoo. Ndoo yenyewe haikuwa ya jana, ilikuwa na utelezi ukingoni. Baba yake alikuwa anaamka, anaizunguka, anavaa viatu, anaenda zake. Ngazi iko nyuma ya nyumba, nyundo iko kwenye sanduku, misumari imejaa kopo. Fundi wa mapaa analala chini ya paa linalovuja.

"Baba, hili paa tangu lini?"

"Lina muda."

"Na hujapanda kulitazama?"

"Ndoo inatosha."

Hapo binti akaamua. Usiku huo huo akampigia mumewe simu, na mumewe, ambaye ni dereva wa lori na mtu wa vitendo kuliko maneno, akasema Jumamosi atakuja kubeba vyombo. Chumba kipo, wajukuu wamekwisha kugombania nani atalala na babu. Asubuhi binti akamkalisha baba mezani, akamweleza yote taratibu, roho mkononi. Alitegemea ugomvi. Nyumba hii mzee aliijenga mwenyewe, alikuwa akisema atatolewa humo na miguu imetangulia.

"Sawa tu," mzee akasema, akaomba chumvi.

Binti akainuka kwenda jikoni kuchukua chumvi na akakaa huko muda mrefu kuliko chumvi inavyohitaji. Angefurahi baba agome. Angefurahi apige meza, amwite mtovu wa adabu. Mtu anayekataa, kazini kwake wanasema, huyo bado yupo.

Akarudi na chumvi na wazo. "Ijumaa, kabla ya kuhama, twende ziwani. Kule kwa mama. Tuzunguke ile njia yake, tuchukue na fimbo yake ya kuvulia. Wewe hujawahi kufika hata siku moja."

Ni kweli, hakuwahi. Hapa inabidi nikueleze mambo ya wale watu wawili, maana bila hayo yaliyofuata hutayaelewa.

Marehemu alikuwa mpishi wa shule, mwanamke mfupi, mwepesi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na wazimu wake ulikuwa mmoja: kuvua samaki wakati wa baridi. Si majira ya joto, kama watu wenye akili zao. Yeye ni ile miezi ya ukungu, ukingo wa ziwa unaposhika barafu nyembamba na hata bata wanaonekana kujuta. Siku ya mapumziko anatoka kabla jua halijachomoza, anatembea mpaka ziwani, anasimama huko na mshipi wake majini, anarudi adhuhuri pua nyekundu na furaha tele, wakati mwingine na samaki. Mume alialikwa, akakataa mara moja kwa siku zote. "Mimi wiki nzima niko juu ya mapaa," alimwambia. "Siku ya mapumziko niache nikae chini ya paa."

Lakini kumvisha, hiyo ilikuwa kazi yake, na hakumwachia mtu. Aliamka kabla yake, akampangia nguo kitini kwa mfuatano. Kwa mzee huyu mwili ulivishwa kama nyumba inavyoezekwa. Ndani, fulana ya kunyonya jasho. Katikati, sweta ya sufu ya kushika joto. Nje, koti la kufukuza maji. Na kila cha juu kilalie cha chini, maji yakija yateleze yaende zao, yasipate pa kuingilia. Pamba ilipigwa marufuku. Pamba ni ya kitandani, alisema, ukilowa nayo porini inakugeuka. Suruali ya mvua inakuja nje ya buti, kwa sababu suruali iliyochomekwa ndani ya buti ni mfereji, utajikuta umebeba ziwa miguuni. Mikono ya koti juu ya glavu. Na skafu, hii alimsema nayo kila mara, skafu inaingia yote ndani ya kola, usiache hata ncha.

Baada ya hapo, mlangoni, kikombe. Kazini kwake mume hakuwahi kushuka kutoka juu ya paa bila kulimwagia ndoo nzima ya maji, mwenye nyumba amesimama ndani anatazama dari. Kwa mkewe aliipunguza ikawa kikombe. Alimsimamisha kwenye kizingiti, akammwagia maji baridi begani, pale pale kwenye mshono, na wote wawili wakatazama yanavyoteleza mgongoni na kudondoka ngazini. Na mke, mkavu kama jivu, anapiga ukelele wa kuamsha mtaa: "Nimelowa! Jamani, nimelowa!" Jirani yao, mshona viatu ambaye hakupenda asubuhi, anagonga ukuta. Mume anasema, "Mwanamke muongo wewe," na anacheka peke yake mpaka anaporudi kitandani. Kila wiki, miaka nenda rudi, mzaha ule ule, na hawakuuchoka. Watu wengine huzaliwa kuchekeshana, basi.

Kwa hiyo alipoambiwa habari za ziwa, mzee alisema sawa tu, lakini nguo za ziwani hakuwa nazo. Alikuwa na koti la kazi, zito, limejaa lami, linakunywa maji vizuri kabisa. Binti naye alikuja na kijikoti chembamba cha kwao kwenye joto, kizuri kwa picha. Alhamisi wakaenda dukani.

Duka la nguo za baridi lilikuwa mtaa wa nyuma ya benki, jembamba, refu, makoti yamening'inia pande zote mbili hivi kwamba wateja wawili hawapishani bila kuombana radhi. Mwenye duka ni mama mnene, miwani moja kichwani na nyingine inaning'inia kifuani, na kila siku anatafuta ya tatu. Alipomwona mzee akapiga kofi.

"Mzee Kikombe! Umepotea wewe! Nikajua umepata duka jingine la kulowesha." Akamgeukia binti. "Huyu baba yako, mwanangu, ndiye mteja pekee hapa anayeomba maji ya kunywa akamwagia bidhaa zangu. Nilimfukuza mara ngapi?" Kisha kwa mzee, sauti imelainika: "Na mwenzako? Hajambo?"

"Hajambo," mzee akasema.

Binti akamtazama. Mzee mwenyewe hakuonekana kama mtu aliyesema uongo. Jibu lilitoka lenyewe, kama mguu unavyotafuta kipago cha ngazi ambayo imeshaondolewa. Alikuwa amekwisha kugeuka na kushika koti la kwanza.

Na hapo mikono yake ikaamka. Binti aliiona. Mzee aliligeuza koti jekundu ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa bega, akalirudisha. "Mshono haujazibwa." Jingine akaliweka mdomoni akapuliza, pumzi ikapita, akalirudisha. La tatu zipu yake haikuwa na kifuniko. La nne, la kijani kilichokolea, akalipuliza, akalivuta, akazungusha kofia yake kuona kama inafuata kichwa au inabaki nyuma. Hilo akamkabidhi mwenye duka. Wakasogea kwenye suruali, akakunja magoti ya kila moja. Akachagua glavu ambazo ncha za vidole hufunuka, maana huwezi kufunga ndoana ukiwa na vidole vya sufu. Sweta akaisugua shavuni kuona kama itawasha shingoni. Soksi akazivuta, buti akazikunja kisigino. Hakuuliza kitu wala hakujaribisha kitu. Mwenye duka alimfuata nyuma amebeba rundo mpaka kidevuni, na binti nyuma ya mwenye duka, anajiambia moyoni, amerudi, baba amerudi.

"Vaa basi, Baba, tukuone."

Mzee akapitisha mkono kwenye koti la kijani. Mkono wa koti ukaishia katikati ya mkono wake. Akapitisha wa pili, mabega yakagoma. Akavuta kidogo, kwa subira, kama anavuta turubai, kisha akasimama mbele ya kioo, mikono mirefu imechomoza, zipu haikaribii kukutana. Akachukua buti moja akaliweka kando ya mguu wake. Buti la mtoto wa shule, ungesema. Lakini halikuwa la mtoto. Fundi aliyepima mapaa ya watu kwa jicho bila kukosea alikuwa amechagua nguo, kuanzia soksi hadi kofia, za mtu aliyelala kaburini, na zote zingemkaa sawasawa.

Alijitazama kwenye kioo. Hapa, alijiambia, hapa ndipo mtu angelia. Akangoja kidogo kwa heshima, aone kama kuna kitu kinakuja. Hakikuja.

"Ndogo," akasema, akaanza kulivua.

Binti alikuwa ameshaenda nyuma ya rafu ya buti. Mwenye duka akamfuata, na huko wakanong'ona, na sauti ya mwenye duka ikasikika ikisema "Mungu wangu, na mimi nimemuuliza." Waliporudi, macho ya wote wawili yalikuwa mekundu. Binti akalichukua koti la kijani kutoka mkononi mwa baba yake, akalivaa. Likamkaa. Suruali ikamkaa, glavu zikamkaa, buti zikamwingia kana kwamba zilimngoja.

"Sasa wewe, mzee wangu," mwenye duka akasema. Safari hii hakumwita Kikombe. "Unavaa saizi gani?"

Mzee akafikiri. "Sijui."

Hakujua kweli. Ovaroli zake, viatu vyake, mashati yake, vyote alinunuliwa, akakuta vimekunjwa kitandani, akavaa, vikamkaa. Yeye alishika kichwani vipimo vya mkewe, mkewe akashika vya kwake, na katika nyumba ile kila mmoja alijua mwili wa mwenzake na hakuna aliyejua wa kwake. Aliyekuwa anajua saizi ya mzee alikuwa ameondoka nayo.

Mwenye duka akatafuta futi, akaikuta shingoni mwake mwenyewe, akampima. Akamletea koti la buluu, refu, zito kidogo.

"Linabana kwapani?"

"Sawa tu."

"Sikukuuliza kama ni sawa, nimeuliza kama linabana. Inua mikono kama unatupa ndoana."

"Sijawahi kutupa ndoana."

"Basi kama unapigilia msumari."

Akainua mkono, akapigilia msumari hewani, mara mbili, barabara. Koti halikupanda kiunoni. Mwenye duka akatikisa kichwa, ameridhika, na binti akachukua yote aliyopendekezewa. Walipofika mlangoni mwenye duka akawakimbilia, kama mtu wa umbo lile anavyoweza kukimbia, na kikombe cha maji mkononi.

"Leo hupimi? Pima tu. Pima hata duka zima."

"Haina haja, mama," mzee akamwambia. Mwenye duka akabaki kizingitini na kikombe chake, na mwishowe akayanywa yale maji mwenyewe.

Jioni binti alichemsha mayai ya safari, akakata mkate, akasuuza chupa ya chai. Chumbani ndoo iliendelea na habari zake, tone, tone. Vitu vingine vilikuwa tayari kwenye maboksi, na ukutani palibaki miraba myeupe mahali palipokuwa na picha. Mzee alikuwa amekaa anafunga kamba ya boksi, fundo zuri la kifundi, lisilofunguka.

"Baba, nitakuuliza mara ya mwisho, kisha siulizi tena. Unataka kuhama, au hutaki?"

"Mmeshapanga. Sawa tu."

"Najua tumepanga. Nakuuliza wewe."

Mzee alijaribu, nataka uniamini. Alijipekua kama mtu anavyojipapasa mifuko akitafuta ufunguo. Kutaka, alijua kulikuwepo mahali fulani, alikuwa nako zamani. Hakukuona.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Siusikii moyo."

Binti akaweka kisu chini. "Ungesema hutaki, hata ungenitukana, ningempigia mume wangu simu sasa hivi asije. Sikuhamishi kwa sababu ya paa. Nakuhamisha kwa sababu huwezi kuniambia hutaki." Akalia, waziwazi, bila kwenda jikoni. Mzee akanyoosha mkono akamshika bega, kwa kuwa ndivyo inavyofanywa, akauacha mkono pale mpaka binti aliponyamaza.

Ijumaa aliamka kwanza. Hakuamshwa na mtu wala hakuweka kengele, ni mwili tu ulikumbuka hali ya hewa. Nje ukungu ulikuwa umekaa mpaka madirishani. Akazunguka ndoo, akaenda sebuleni, na binti alipotoka chumbani alikuta nguo zake kitini zimepangwa kwa mfuatano: fulana juu, kisha sweta, kisha koti, soksi zimekunjuliwa tayari kuingizwa mguu. Akavaa, akasimama, na baba akamzunguka. Akamvuta suruali nje ya buti. Akamshusha mkono wa koti juu ya glavu. Skafu ya binti akaichomeka yote ndani ya kola, ncha kwa ncha, akavuta zipu mpaka kidevuni. Kazi ya kimya, na safi. Kisha naye akaenda kuvaa, peke yake, haraka haraka, kama mtu anavyovaa asipotazamwa. Nyuma ya mlango, chini ya ovaroli yake ya zamani, ilining'inia skafu ya mkewe, ya sufu, nene, ambayo shemeji hakuiona. Akaizungusha shingoni, akafunga koti.

Walipofika mlangoni, binti tayari amebeba fimbo ya kuvulia, mzee alikuwa na kikombe mkononi. Hakukumbuka kukijaza. Kilikuwa kimejaa.

Binti alikiona, akasimama kwenye kizingiti, akageuza bega. Mzee akamwaga. Maji yakateleza kwenye kijani kilichokolea, yakashuka mgongoni, yakadondoka ngazini. Halafu kimya. Tangu utotoni binti aliusikia ukelele ule akiwa kitandani, aliujua neno kwa neno, na sasa ulimfika kooni ukakwama. Haukuwa wake.

"Pakavu, Baba," akasema.

"Vizuri."

Maji yakaendelea kudondoka kidogo, kisha yakaacha. Mzee alitazama ngazi iliyolowa. Kama ndoo ya chumbani, aliwaza, na hakuwaza zaidi ya hapo. Akageuka aende kurudisha kikombe.

"Lete hapa," binti akasema. Akakichukua, akaingia jikoni, akakijaza mpaka juu, akarudi. "Sasa wewe."

"Mimi?"

"Koti jipya halijapimwa. Simama."

"Sawa tu." Akasimama pale aliposimama mkewe miaka yote ile. Ilikuwa mara yake ya kwanza, ukitaka kujua. Yeye alikuwa mwagaji.

Binti hakuwa fundi. Hakujua kulenga mshono, alimwaga karibu na shingo, na alimwaga kikombe chote kwa mpigo. Koti lilikuwa zuri na halina kosa. Lakini ncha ya skafu, kipande kama kiganja, ilikuwa imechungulia nje ya kola. Mtu huyu aliyezichomeka skafu za wengine maisha yake yote hakuwahi kuwa na mtu wa kumchomekea ya kwake, na binti hakujua kwamba hilo huangaliwa. Sufu ikayapokea maji yote, ikayapitisha ndani ya kola, nyuma ya sweta, chini ya fulana, na baridi ile ya alfajiri ikamshuka mgongoni yote kwa pamoja mpaka kwenye mkanda.

"Nimelowa!"

Sauti ilimtoka kubwa, ya juu, si yake. "Nimelowa! Jamani! Nimelowa!" Akaruka ngazi moja, akashika mgongo, akazunguka kama mtu aliyeingiwa na siafu. Ukutani, papo hapo, jirani mshona viatu akagonga, puu puu puu, kwa hasira ya asubuhi zote zilizopita. Kisha akaacha ghafla. Dirisha lake likafunguka kidogo, akatoa kichwa kwenye ukungu, akamwona mzee ngazini. Akabaki hivyo hivyo na kichwa chake nje.

"Nimelowa," mzee akasema tena, sasa polepole, kama anamweleza mtu. Akamtazama binti. "Nimelowa, mwanangu."

"Ni baridi?"

"Baridi sana." Midomo ikaanza kumtetemeka. "Baridi mbaya. Hukuniangalia skafu. Skafu inaingia ndani yote, kila siku nilikuwa namwambia mama yako, kila siku, na yeye kila siku anaacha ncha nje makusudi ili nimchomekee..." Hapo hakuweza kuendelea. Akakaa kwenye ngazi iliyolowa na koti lake jipya na akalia. Alilia vibaya, kwa sauti, mdomo wazi, kamasi zinatoka, kilio cha mwaka mzima, na binti akapiga magoti kwenye maji akamshika. Jirani akarudisha dirisha taratibu, bila kulibamiza.

Kulipotulia kidogo, mzee akafuta uso kwa glavu. Meno yalikuwa yanagongana.

"Sitaki," akasema.

"Hutaki nini? Ziwa? Basi tuache, twende ndani ubadilishe..."

"Ziwa tutakwenda. Kuhama. Sitaki kuhama."

Binti akamwachia, akamtazama usoni. Kisha akasema, "Sema tena."

"Sitaki. Wewe ni kiziwi? Nyumba hii nimeijenga mimi, nitatolewa humu miguu imetangulia. Mwambie mumeo."

"Nitamwambia lori asilete." Alikuwa analia na kucheka.

"Alilete," mzee akasema, akainuka kwa kushika kizingiti. "Lakini lisije tupu. Lije na bati."

Wakaingia ndani. Mzee akabadili fulana na sweta, skafu wakaikamua juu ya ile ndoo, wakaitandika juu ya maboksi ikauke, na binti akavua skafu yake akamvalisha baba, akaichomeka ndani ya kola ncha kwa ncha, akavuta zipu mpaka kidevuni. Walichelewa kufika ziwani na hawakupata hata samaki mmoja. Njia nzima mzee alilalamikia baridi, na binti yake hakumnyamazisha.